Mlango wa Ishirini na Saba

Programu ya Shatha ilianguka Alkhamisi, saa nne na robo asubuhi, mbele ya watu wawili, na mmoja wao alicheka.

Hakucheka kwa ubaya sana, tuseme ukweli. Mhandisi Hatem ni mtu wa kicheko cha karibu, hucheka hata lifti ikichelewa. Lakini Shatha, aliyetoka nyumbani Al Khuwair, mtaa wa Maskati, na mapema, na abaya yake mpya, akikariri maneno yake njia nzima mpaka Madinat Sultan Qaboos, hakuwa na nafasi ya kupima kicheko cha mtu. Alikisikia tu, na masikio yakamwaka moto.

Kampuni ile inatengeneza vijidude vya wanafunzi vya kusomea na kuandikia, vidogo, vyenye kumbukumbu ndogo, na ilikuwa ikitafuta mtu mmoja anayejua lugha ya C. Ni lugha ya kompyuta isiyombembeleza mtu. Ukiomba nafasi ya kumbukumbu unapewa. Ukisahau kuirudisha, hakuna wa kukukumbusha. Na ukigusa nafasi isiyo yako hukatazwi, utajionea mwenyewe mbele ya safari. Waombaji walikuwa wengi, wakabaki wanne, na kila mmoja aliambiwa alete programu aliyoiandika mwenyewe. Wenzake walileta michezo. Shatha alileta kisahihishi cha tahajia cha Kiswahili: unakipa maandishi yako, kinakuonesha neno uliloliandika kombo.

Ilianza vizuri. Ilisoma kamusi yote, ikapitia ukurasa mzima, ikayakamata makosa. Ilipofika kazi ya mwisho, ya kurudisha kumbukumbu yote iliyoazima, skrini ikatoa mstari mmoja wa kusema kwamba kipande kimoja kimerudishwa mara mbili, kisha ikanyamaza.

"Mashine imeikataa lugha yenu," alisema Hatem kwa Kiarabu, akicheka. "Dada yangu, kwa nini hukuchukua lugha yenye wasomaji? Kiswahili nakisikia jikoni kwa jirani zangu, sijakiona kikisomwa."

"Wasomaji wapo," alijibu Shatha.

"Wapi?"

Swali jepesi, na jibu lake analijua kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile ya Al Khuwair. Lakini jibu hilo, Unguja, na bara, na humuhumu Maskati, lilimjia ngazini, wakati anashuka, lilipokuwa halina faida tena.

Mwenzake Hatem, Bibi Aliya, aliyekuwa mkubwa wa idara, muda wote ule hakucheka wala hakuinua uso. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Jumapili saa nne urudi. Faili la kusahihisha tutalileta sisi. Ikianguka tena, tutamchukua mwengine."

*

Nyumbani Shatha alimwambia mama yake kwamba programu "imekwama kidogo". Bi Shariffa alikuwa na kofia mapajani, anashona vitobo, na hakuuliza. Mama aliyezaa watoto wawili na kuwasomesha bila ya baba anajua "kidogo" ya mwanawe ni kiasi gani.

Tena kamusi ile ilikuwa yake pia. Shatha alikusanya maneno mengi katika vitabu na magazeti, lakini tangu Ramadhani iliyopita Bi Shariffa alikuwa akimletea ya kwake kwa simu, kumi leo, thelathini kesho, maneno ya jikoni na ya harusini, ya matusi madogo na ya mapenzi makubwa, maneno aliyokuja nayo kutoka Unguja akiwa msichana wa miaka kumi na mbili na ambayo Maskati haikuyatoa mdomoni mwake. Yalifika elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Alikuwa na idadi hiyo kichwani, na wageni aliwatajia wakiuliza na wasipouliza.

Ndani ya kompyuta maneno yale hayakupangwa kwa orodha. Shatha aliyajengea vyumba. Kila chumba kina milango, mlango mmoja kwa kila herufi, na kila mlango unaingia chumba chengine. "Kitabu" na "kitanda" hupita milango minne pamoja, k, i, t, a, ndipo hapo moja likaenda mlango wa b na jengine wa n. Chumba cha mwisho kina alama ya kusema neno limekwisha. Kitabu alichosomea C kilikuwa na vyumba vya milango ishirini na sita, kwa sababu mwandishi wake hajapata kuandika ng'ombe. Shatha akaongeza mlango wa ishirini na saba, wa kile kialama cha juu cha king'ong'o. Hakuelekezwa na mwalimu yeyote. Alijivunia mlango ule kuliko shahada yake, na alikuwa na haki.

Ijumaa, kaka yake Loai aliporudi msikitini, alimkuta mezani na sahani ya chakula imepoa.

"Kosa liko wapi?" aliuliza Loai. Yeye ni karani wa wizara, kompyuta anaijua ya kujazia fomu.

"Nnayo programu ya kukagua kumbukumbu. Inasema chumba kilichorudishwa mara mbili ni cha neno ghadhabu."

"Litoe."

"Nimelitoa. Sasa inasema ni dhihaka."

"Litoe nalo."

"Nimelitoa. Inasema thawabu."

Loai alifikiri. "Yaani inayakataa maneno yetu ya Kiarabu."

Shatha naye alifikiri hivyohivyo, ndiyo aibu ya kazi hii: mtu mwenye shahada na karani wa fomu wakakubaliana juu ya jambo la uwongo. Siku nzima ya Ijumaa aliipoteza kwenye gh na dh na th. Alizipekua, akazibomoa, akazijenga upya. Zilikuwa salama tangu zamani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Shariffa bila ya kuinua macho kwenye sindano. "Unatafuta kwa jirani."

"Mama, si mambo ya methali haya."

"Haya. Nimenyamaza."

*

Jumamosi baada ya adhuhuri alipiga hodi ami yao Saud, ndugu wa baba yao. Ana nafasi kubwa katika duka la magari huko Wattaya, na ni mtu mwema. Wema wake ndio mzito, kwa sababu akikupa kitu anakaa mpaka akione kimeliwa.

"Shikamoo, ami," alisema Shatha.

"Marahaba, mwanangu. Shemegi, hujambo? Sikai, nnapita tu." Akakaa. Akamiminiwa kahawa, akachukua tende. "Shatha, ile nafasi ya mapokezi bado ipo. Nimeizuwia kwa ajili yako tangu mwezi uliopita. Unakaa mezani, unapokea simu, unawaonesha watu viti. Meneja ananiuliza leo, na leo nnataka kumpa jibu."

"Kesho asubuhi nna majaribio, ami. Madinat Sultan Qaboos."

"Nimesikia yalikwenda vipi Alkhamisi."

Shatha alimtazama Loai. Loai akaitazama tende yake.

"Hebu nioneshe hicho kitu," alisema Saud. Hakusema kwa kejeli, alitaka kweli kuona. Shatha angeweza kukataa, lakini kumkatalia ami ndani ya nyumba si jambo jepesi. Akaigeuza kompyuta, akaiendesha programu. Ikasoma kamusi, ikasahihisha, ikafika mwisho, ikaanguka. Mstari uleule.

Saud alicheka kidogo, kwa huruma, akampigapiga begani kama anavyompiga mteja aliyekosa gari alilolitaka. "Mwanangu, miaka miwili hii toka umalize masomo. Wenzako wako makazini. Kiswahili chetu kizuri, tunakipenda, lakini ni cha kusemea nyumbani. Hakuna aliyekula kwa ng'ombe na ng'ambo."

Bi Shariffa aliweka kofia chini. Alikuwa na la kusema na lilikuwa zito, lilikuwa limefika ulimini. Lakini kabla hajafungua mdomo Shatha alikuwa amesimama.

"Ami, kazi yako ni njema na nakushukuru. Mpe Maram, binti wa shangazi, yeye anaitaka. Mimi nimo kazini."

"Kazini wapi?"

"Hapa," alisema Shatha, na mkono wake juu ya kompyuta iliyoanguka sasa hivi mbele ya macho ya watu wote.

Saud alimgeukia shemegi yake ili apate msaidizi. Bi Shariffa akamwongezea kahawa.

"Umesikia," alimwambia. "Yumo kazini."

Saud aliondoka bila ya hasira lakini bila ya maneno mengi, na mlango ukafungwa. Mtu akivunja daraja na ng'ambo hajafika, huona mara moja jinsi maji yalivyo mengi. Shatha alikaa. Aliogopa sana, na alijiona mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi.

*

Baada ya hapo hakukisikiliza tena kile kikaguzi. Kilikuwa kinamwonesha mahali ilipoangukia, naye alitaka mahali kosa lilipoanzia. Aliikata kamusi nusu mbili, akaijaribu kila nusu peke yake. Nusu moja ikapita salama, ikarudisha kumbukumbu yote. Nusu ya pili ikaanguka. Akaikata hiyo iliyoanguka nusu mbili tena, na tena, na saa ya alasiri ikapita, na maneno yakawa mia, yakawa hamsini, yakawa saba. Likabaki moja.

"Ng'onda," alisema kwa sauti.

"Nani anataka ng'onda?" aliuliza Bi Shariffa. Ng'onda ni samaki wa kupasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, na harufu yake haikaribishwi katika fleti za Al Khuwair.

"Hakuna anayemtaka, mama. Ndiye anayeiangusha programu."

"Samaki?"

"Neno lake. Na sielewi, kwa sababu ng'ombe anapita. Wanaanza mamoja, n, g, kialama, o. Milango ileile. Ng'ombe anapita na ng'onda anaanguka."

Loai alikuja kutazama. Shatha aliyaandika maneno mawili yale makubwa, moja juu ya jengine, yakajaa skrini.

ng'ombe

ng’onda

"Sawasawa," alisema Loai. "Sioni tofauti."

Bi Shariffa alinyanyuka. Alivaa miwani yake ya kushonea, akasogea mpaka pua ikawa karibu na kioo. Huyu ni mwanamke anayeijua kofia iliyokosewa kitobo kimoja kutoka upande wa pili wa chumba, na kofia ina vitobo mamia. Alitazama la juu, akatazama la chini.

"Hayo si mamoja," alisema. "Hichi cha juu kimesimama. Hichi cha chini kimeinama."

"Kipi?"

"Hicho kijidude chenu. Huoni? Huyu wa ng'ombe kasimama wima. Huyu wa ng'onda kainamisha kichwa."

Shatha aliwatazama wote wawili, aliyesimama na aliyeinama, na akaona, na baada ya kuona hakuelewa vipi aliweza kutoona siku tatu nzima.

"Ng'ombe niliandika mimi, hapa," alisema polepole. "Ng'onda ulinitumia wewe, mama. Kwa simu."

Simu ndiyo iliyokuwa ikiinamisha. Bi Shariffa akibonyeza kialama, simu yenyewe, kwa adabu zake, inakigeuza kiwe kizuri, kiwe cha kupinda. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta kile kilichosimama ni herufi moja, na kile kilichoinama ni vipande vitatu, na katika kompyuta ya Shatha kila kipande thamani yake iko chini ya sifuri. Programu ikipewa kipande cha namna hiyo haikuuliza. Ilipiga hesabu zake, ikatafuta mlango namba hasi mia moja na ishirini na saba. Chumba hakina mlango huo. Lakini C haikatazi, basi ikahesabu kurudi nyuma, ikatoka nje ya chumba chake, ikapita vyumba vinne vya maneno mengine, ikafika cha tano, na hapo ikatoboa ukuta na kutundika mlango katika nyumba ya watu. Ghadhabu na dhihaka walikuwa majirani tu waliotobolewa kuta. Chumba kimoja kikawa na njia mbili za kuingilia, na wakati wa kurudisha kikarudishwa mara mbili. Na kile kikaguzi hakikuona wizi wowote, kwa sababu nyumba iliyotobolewa nayo ilikuwa ya Shatha.

Aliwaeleza haya kwa mikono, akichora hewani. Loai alielewa nusu yake, na nusu hiyo ilimtosha kutoa ushauri.

"Maneno mangapi yana kialama cha kuinama?"

Shatha alihesabu. "Arobaini na moja. Yote ya mama."

"Arobaini na moja katika maelfu. Yafute. Dakika mbili, umemaliza, tule."

Bi Shariffa alikuwa ameshavua miwani. Aliikunja taratibu. "Kumbe ni mie," alisema. "Toka Ramadhani nnakutia maradhi kwenye kazi yako, na watu nnawatajia idadi." Akajaribu kucheka. "Yafute, mwanangu. Ng'onda mwenyewe siku hizi nani anamla."

Shatha aliona uso wa mama yake, na ilimuuma kuliko kicheko cha Hatem. Mwanamke huyu hakuwahi kuandikiwa kitu. Skuli aliiwacha ya Kiswahili hajaimaliza, ya Kiarabu akaingia amechelewa, na umri wake wote fomu alijaziwa na wengine. Maneno elfu tatu mia moja na kumi na mbili ndiyo kazi pekee iliyopata kuandikwa kwa jina lake.

"Sifuti hata moja," alisema Shatha. "Hujakosea wewe, mama. Umeandika neno lilivyo. Mimi ndiye niliyejenga mlango na nisiulize anayeingia ni nani."

"Lakini kesho asubuhi..." alianza Loai.

"Kesho asubuhi wanaleta faili lao. Unadhani watu wa ofisi wataandika kwa kialama kipi? Cha kuinama. Nikiyafuta ya mama nitaanguka kwa ya kwao. Na hata wasingeandika, sifuti."

Akaandika upya mahali pa kuingilia. Sasa kila herufi iliulizwa jina lake kabla ya kupelekwa popote. Vile vipande vitatu vikija pamoja vilitambuliwa kuwa ni kile kialama kimoja, vikapelekwa mlango wa ishirini na saba, alikoingia aliyesimama. Na kitu chochote kisicho na mlango kilikataliwa waziwazi, kwa ujumbe wa kueleweka, badala ya kuachiwa kuzurura. Mistari yote mipya ilikuwa kumi na minne. Jua lilikuwa bado liko juu ya majengo ya barabara kuu alipoiendesha na kamusi nzima.

Ilisoma. Ilisahihisha. Ikafika mwisho, na mstari wa mwisho ukasema kumbukumbu isiyorudishwa ni sifuri.

"Sifuri nzuri hiyo?" aliuliza Bi Shariffa.

"Hakuna nzuri kuliko hiyo."

"Basi kula. Toka jana sijakuona umetafuna kitu."

*

Jumapili Bi Shariffa alitangaza kwamba naye anakwenda. Hatopanda juu, alisema, atakaa garini na Loai, ambaye aliomba ruhusa ya saa mbili ofisini kwake. Alivaa kama anayekwenda kuposa.

Juu, Bibi Aliya alimpa Shatha faili kwenye kijiti cha kuchomeka kompyutani. "Sahihisha hili."

Hatem aliegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa. Shatha alilifungua faili, na mstari wa kwanza tu ulimshangaza. Alitarajia maandishi waliyoyaokota mtandaoni. Yale yalikuwa barua, ya mtu kwa nyanya yake, Kiswahili cha ndani, chenye ng'ombe, chenye nyumba iliyong'aa, chenye kung'ang'ania, na kila kialama kimeinama.

Aliiendesha. Programu ikapitia barua yote, ikatia alama maneno manne, ikarudisha ilichoazima. Sifuri.

Hatem alishusha mikono. Hakucheka. Alivuta kompyuta karibu, akaiendesha yeye mwenyewe mara ya pili, akaiendesha mara ya tatu, kisha akauliza kosa lilikuwa wapi, na Shatha akamweleza: simu, maneno arobaini na moja, kialama kilichoinama, thamani iliyo chini ya sifuri, ukuta wa jirani. Hakutafuta maneno. Hatem alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama mbele, uso wa mtu anayekula kitu kitamu.

"Kikaguzi hakikulionesha?"

"Kilionesha kwengine."

"Na hukuwa na haja ya kuyaweka maneno hayo. Arobaini na moja. Ungeyatoa tu."

"Ni maneno," alisema Shatha. "Programu ndiyo inayolifuata neno, mhandisi. Neno halikatwi ili programu ipone."

Hatem aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayetia sahihi. Kisha akamgeukia mwenzake. "Barua hii uliipata wapi?"

"Nimeiandika mimi," alisema Aliya kwa Kiarabu, halafu akamtazama Shatha na akahamia Kiswahili, Kiswahili cha Tabora, kilichonyooka. "Makosa niliyoyatega ni matatu. Programu yako imetia alama maneno manne. Hilo la nne si kosa."

Hatem alimtazama mwanamke aliyefanya naye kazi miaka tisa kana kwamba ameingia mtu mwengine chumbani. "Wewe unasema Kiswahili?"

"Hukuniuliza," alisema Aliya. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alkhamisi aliposikia lile neno la jikoni aliinamia karatasi yake, na siku tatu hizi hakujipenda kwa kuinama kule. Sasa alikuwa ameinua kichwa, na ilimpendeza.

Shatha alilitazama neno la nne. "Ng'atuka. Halimo katika kamusi yangu."

"Basi kamusi yako ina upungufu. Ni kuondoka kwenye kiti kabla hujaondolewa. Mama yangu analisema kila siku."

"Nitalitia. Lakini kamusi ni yetu wawili, kwanza nitamwambia mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Mama yangu. Yuko chini, garini."

Aliya alifunga kalamu yake. "Tarehe mosi utaanza," alisema. "Njoo na vyeti vyako halisi."

*

Bi Shariffa alimwona anakuja tangu mlangoni, na alishajua kwa mwendo, lakini alingoja aambiwe.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, mama. Tarehe mosi."

Bi Shariffa alisema alhamdulillahi, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shela, akaivaa, akaivua tena. Loai alipiga honi mara mbili bila ya sababu, na mlinzi wa jengo akageuka.

"Na faili lao?" aliuliza Bi Shariffa hatimaye. "Maneno yalipita yote?"

"Yote. Isipokuwa neno moja hatunalo."

Bi Shariffa alijiweka sawa kitini. "Neno gani hilo nisilokuwa nalo mie?"

"Ng'atuka. Ni kuondoka kwenye kiti kabla hujaondolewa. Yule mkubwa wao, Bibi Aliya, ndiye aliyeliandika. Kumbe ni mwenzetu. Kwao Tabora."

"Aa," alisema Bi Shariffa, na mkono ukafanya kama unafukuza nzi. "La bara hilo. Hayo nayo ni maneno?"

Sentensi ile ilibaki palepale ndani ya gari, na Bi Shariffa aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, na akajua nani aliyesema ya namna hiyo jana, juu ya ng'ombe na ng'ambo. Loai alikuwa ameshatia gari moto.

"Ngoja," alimwambia. "Zima."

Loai akazima.

"Huyo Aliya. Mama yake yuhai?"

"Yuhai. Analisema kila siku, ndivyo alivyoniambia."

"Rudi juu," alisema Bi Shariffa. "Mpe nambari yangu ampe mama yake. Mwambie nnayataka maneno ya kwao, yote aliyonayo, asinichagulie." Shatha alikuwa ameshafungua mlango na mguu mmoja uko nje. "Na Shatha."

"Naam, mama."

"Mwambie aanze na a."